Mkono Uliotangulia Kazini

Simu ya Obitre ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuukataa mkono wa Drani.

Wengine wote waliopanga foleni asubuhi ile walisomeka. Mtu anaweka mkono wa kulia nyuma ya simu, simu inalia ti, jina linatokea, mlango wa ghala unafunguka, mtu anaingia kazini. Zamu ya Drani ilipofika simu ikanyamaza. Akaugeuza mkono. Kimya. Obitre akaivua simu kava, akaipangusa kwenye suruali, akajaribu tena, kisha akainusa.

"Wewe ulishika nini? Simu yangu inanuka mkaa."

"Sijashika kitu, boss."

"Mkaa ya kuzimwa na maziwa." Obitre akafinya pua. "Kaa pembeni. Wacha watu wenye mikono wapite."

Neno boss lilimtoka Drani kama mfupa wa samaki. Huyu Obitre walisoma naye darasa moja shule ya Mvara, na mtihani wa hesabu aliupita kwa kunyoosha shingo juu ya bega la Drani. Leo shingo ileile imefungwa tai ya msimamizi, kwa kuwa mjomba wake anajuana na wenye kampuni, na Drani mwenye digrii ya kompyuta, second class upper, amesimama pembeni kama ndoo. Digrii yenyewe ilikuwa imelala kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro la mama yake huko Ombaci kwa muda mrefu kuliko alioutumia kuisomea. Alikuwa ameendesha boda, ameuza vocha, amehudhuria semina ambako watu wasiowahi kubuni hata choo waliwafundisha vijana kujibunia ajira, soda ikagawiwa, picha ikapigwa, kila mtu akarudi kwao kulala.

Ndipo ikaja kampuni ya Mkononi. Ilikodi nyumba moja kuukuu ya wakoloni juu ya kilima cha Arua Hill, ikaigeuza ghala la vyakula vya misaada ya wakimbizi, na ikasema haitaki kadi wala funguo. Kila mfanyakazi atadungwa chipu, kitu cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele, kati ya kidole gumba na cha shahada. Watu walilalamika kidogo, kisha wakakunja mikono ya mashati. Njaa haina maswali mengi.

Nesi aliyewadunga, dada mmoja anaitwa Peace, alitaka mkono wa kushoto. Watu wote walikataa, na Drani ndiye aliyewasemea.

"Sista, mimi nifungue mlango na mkono ya chooni, wazee wakiwa wananitazama? Hapa si Ulaya. Weka kulia."

Peace akaushika mkono wa kulia, akakuta kovu la mistari minne myeusi palepale alipotaka kupitisha sindano.

"Hii ni nini?"

"Bima ya afya ya Koboko," Drani akajibu, na foleni nzima ikacheka.

Hakudanganya sana. Kabla yake mama yake, Filda, alikuwa amezika watoto wawili, na ndiyo maana huyu wa tatu akapewa jina la Drani, jina lenye kifo ndani yake, ili kifo kikisikia kidhani kimeshapita hapo. Jina peke yake halikumtosha Filda. Alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini alimfunga mtoto mgongoni akaenda Koboko kwa Mariam Poni, mama wa Kinubi anayefuga na kufukuza majini. Mariam Poni akachanja chale, akasugua unga wa mkaa uliozimwa na maziwa, akasema jini limefungwa hapo, litamlinda mtoto. Drani alikua bila kuugua hata malaria. Aliwahi kugongwa na lori akainuka akadai kiatu chake. Alipofika chuo kikuu akaacha kuamini, maana kutoamini ndicho kitu pekee chuo kikuu kilichompa bure.

Punje ilipoingia, Obitre aliweka simu juu ya jeraha bichi na kuandika humo jina: Drani. Simu ikalia ti. Hiyo ndiyo mara pekee ilipokubali.

"System inasema wewe absent," Obitre alimwambia jioni ya siku ile iliyomkataa. "Kesho hivyohivyo, utakuwa absent. Ikifika Ijumaa bado, tunachukua mutu mwingine. Mikono iko mingi Arua."

Nyumbani Ombaci, mama yake alikuwa amempigia pasi shati la siku ya pili kwa pasi ya makaa, na alikuwa ameshawatangazia wanawake wote wa kisimani.

"Nimewaambia mtoto yangu iko na ofisi," Filda akasema, akiuinua ukosi utazamwe. "Tangu uandikwe kazi wananisalimia kwanza. Wale walikuwa wananicheka, sasa wananisalimia kwanza. Usinirudishe kule, Drani. Mimi nimezeeka kwa kuchekwa."

Drani akala kwa mkono uliokuwa unamuwasha.

Sababu zote alizijua, na hilo ndilo lililomuuma. Alijua kwamba antena ya chipu ni ndogo mno na ya simu ni pana, kwa hiyo kuna mahali pamoja tu, padogo kama kifungo cha shati, ambapo vitu hivyo viwili hukutana. Alijua lazima punje ilale sambamba na antena, isisimame. Alijua kava nene huzuia, meza ya chuma huzuia zaidi, na uvimbe wa jeraha hutaka siku kadhaa kushuka. Alingoja uvimbe ukashuka. Siku ya Alhamisi, mkono ukiwa umepona kabisa, akaenda kwa rafiki yake Soka, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi, ajaribu simu zote zilizokuwa pale.

"Digrii imekuja kuomba msaada," Soka akasema. "Leta mkono. Hata kama umevunja mtu, simu zangu hazisemi."

Walianza na simu kubwa ya Kichina. Kimya. Wakachukua nyingine, wakaitafuta antena yake karibu na kamera, kisha katikati, kisha chini. Soka alikuwa na kijitaa kidogo kinachowaka kikikaribia simu inayotafuta chipu. Kikawaka vizuri. Simu ilikuwa inaita, mkono ndio haukuitika. Soka akachukua kadi ya ofisi ya mteja mmoja, akaigusisha: ti. Mkono wa Drani: kimya.

"Labda iliingia pembeni," Soka akasema. "Ngoja niipapase."

Akaikuta punje chini ya ngozi, ngumu, imelala vizuri pale inapotakiwa. Akaishikilia kwa kidole, akaileta simu polepole kwa mkono wa pili, na simu ilipokaribia Drani akahisi kitu kikichezacheza ndani ya nyama yake, akadhani ni mshipa, kisha wote wawili wakaona ngozi ikiinuka na kifundo kidogo kikitoka chini ya kidole cha Soka, kikateleza taratibu kuelekea kwenye kiganja kama kupe anayekimbia moto, kikasimama, kikangoja, na simu ilipoondolewa kikarudi kwa njia ileile hadi kwenye mistari minne myeusi, kikajilaza humo kama mtu aliyejifunika shuka.

Soka akaiweka simu chini.

"Bro," akasema kwa sauti ya chini. "Hii kitu iko hai."

"Acha ujinga. Ni kioo."

"Mimi nimeishika. Imenisukuma."

Drani akaubana mkono kwapani. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na harufu ikaingia kibandani, ya mkaa na maziwa yaliyoungua, nzito hadi wakahisi ladha yake mdomoni. Ndipo simu moja rafuni ikalia ti. Ikafuata ya pili. Zikalia zote, moja baada ya nyingine, za wateja na za kuuzwa, hata zile zilizokuwa zimefunguliwa matumbo mezani bila betri, ti, ti, ti, na zenye vioo vizima zikawaka na kuandika jina moja, Drani, Drani, Drani, na mwenye jina amekaa katikati yake, mkono uko kwapani.

Soka hakumtazama tena. "Nenda nyumbani," akasema. "Tafadhali. Nenda na mkono yako."

Ijumaa Drani alipanda Arua Hill asubuhi na mapema kwenda kufukuzwa. Obitre alikuwa anamsubiri barazani, na uso wake ulikuwa na rangi ya ugali wa muhogo.

"Umetokaje?" akauliza.

"Kutoka wapi?"

"System inasema uliingia kabla ya alfajiri. Mkono umesomeka mara moja tu, safi. Haujasomeka ukitoka."

Akamwingiza ofisini, akafunga mlango, akamwonyesha picha za kamera. Mlango wa ghala ulionekana, umefungwa. Taa ya kufuli ikageuka kijani. Mlango ukafunguka wenyewe, polepole, kwa adabu, kama unavyofunguliwa na mtu anayechelea kuamsha watu. Hapakuwa na mtu. Lakini mkeka wa mlangoni ukadidimia upande mmoja, kisha upande wa pili, na mlango ukajifunga.

"Sikiliza sauti," Obitre akanong'ona.

Ndani ya ghala kulikuwa na kitu kinalamba. Kililamba bila haraka, kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Asubuhi walinzi walikuta makopo ya maziwa ya watoto wa wakimbizi yamefunguliwa na kulambwa hadi bati linang'aa.

"Mimi nilikuwa nimelala kwetu," Drani akasema. "Muulize mama yangu."

"Mimi siulizi mama ya mutu. Jina ni yako." Obitre akazima picha. "Nakupa mpaka Jumatatu asubuhi. Uje hapa, mkono usomeke mbele ya macho yangu, na hii mambo ikome. Ukishindwa, naita polisi, na huko utasema ni kamera inadanganya."

Drani alicheka akiteremka kilima, kicheko kibaya. Miaka yote ameomba kazi bila kuitwa hata kwenye usaili. Jini limeomba nini? Limeingia kazini alfajiri bila cheti, bila mjomba, na limesomeka mara ya kwanza.

Jumapili akapanda gari kwenda Koboko.

Mariam Poni alikaa nyuma ya duka lake la ubani na manukato, mwanamke mnene mwenye miwani, simu ya kisasa imening'inia shingoni kwa kamba. Alipouona mkono alimtambua kabla hajataja ukoo.

"Mtoto ya Filda. Yule alilia mpaka mbuzi zikakimbia." Akavua miwani. "Nani ameingilia mahali yangu?"

Drani akaeleza. Alieleza kama msomi, na antena na sumaku, na Mariam Poni akamwacha amalize. Kisha akaiweka simu yake mwenyewe juu ya zile chale. Ti. Jina likatokea kwenye kioo. Mara ya kwanza, bila kutafuta mahali.

Mama yule akairudisha simu kifuani haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Hiyo jina iliandikwa ikiwa ndani tayari?"

"Ndani, ndiyo. Unadunga kwanza, unaandika baadaye, kupitia ngozi."

"Palepale."

"Palepale."

Akazungusha bangili. "Kijana, hii kitu mimi niliifunga bila jina. Ndiyo namna yetu. Ukiiita jina inaamka, inajua iko mutu. Miaka yote ilikaa hapo inakufanyia kazi, haijui kama iko. Sasa hawa watu yako wameiandikia jina, wameifungulia mlango, wameiambia kazi ni saa ngapi. Wamekuandika wewe, lakini aliyesoma ni yeye."

"Mama, mimi nataka kusomeka kesho. Hilo tu."

"Naweza kutoa punje. Jini itasahau jina, italala, utaishi. Lakini kazi hakuna."

"Na kingine?"

"Naweza kutoa jini. Ila haitoki uchi. Itavaa kile ilipewa."

"Imepewa nini?"

"Jina, kijana. Si nimekuambia?"

Drani akalitazama duka, chupa za manukato, vumbi la barabara lililotanda juu yake. Akilini alimwona mama yake kisimani, ndoo mkononi, wanawake wamemgeuzia migongo. Aliona pikipiki ya watu aliyokuwa akiiendesha mvuani. Jina? Jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye kila ofisi ya Arua, Koboko hadi Kampala, na hakuna aliyewahi kulihitaji. Kama jini linalitaka, lichukue na mikopo ya jina hilo.

"Toa jini," akasema.

"Fikiri."

"Nimefikiri tangu nimalize chuo, mama. Toa."

Mariam Poni akashusha pazia. Hakumbembeleza. Akawasha mkaa katika chetezo, akamwaga ubani, akaweka bakuli la maziwa sakafuni, akaushika mkono wa Drani juu yake na kuanza kusoma kwa sauti ya chini, maneno yakikimbizana, na moshi ukashuka badala ya kupanda, ukajaza chumba hadi magotini, na Drani akahisi punje ikianza kutambaa, kwanza kuelekea kifundo cha mkono, kisha ikageuka, ikaingia chini ya mistari minne, na mistari hiyo, iliyokuwa imefunga tangu utoto wake, ikafunguka kama midomo ya mtu anayetaka kusema, bila damu, bila maumivu, ila baridi iliyopanda hadi kwenye meno, na kile kioo kidogo kikachungulia, kikatoka, kikaanguka kuelekea kwenye maziwa, nacho hakikufika, kwa sababu katikati ya mkono na bakuli kitu kilikipokea.

Maziwa yakashuka bakulini kama yanayonywewa. Kulamba kule, alikokusikia kwenye kamera, kulikuwa sasa karibu na goti lake. Kisha unyayo wa maziwa ukajichora kwenye saruji, ukafuatwa na wa pili. Nyayo za mtu mzima. Mguu wa kushoto, kidole kidogo kimelalia cha jirani yake, kama cha Drani. Pazia likasogea kando. Nyayo zikavuka duka, zikatoka mlangoni, zikashika upande wa barabara ya Arua.

Mariam Poni alikuwa ameinamisha kichwa. Aliponyanyua uso alikuwa mzee kuliko alivyokuwa.

"Panda gari," akasema. "Fika kwenu kabla yake."

Lakini jioni ile magari yalikuwa yamekwisha. Jumatatu asubuhi alipata lori, lori likaharibika njiani, dereva akalala chini ya injini akiimba hadi jua likapinda. Alasiri, Drani akiwa amekaa kwenye magunia ya mihogo, simu yake ikaita. Obitre.

"Drani, my friend. Leo umenifurahisha." Obitre alikuwa anacheka kwa nguvu, kama mtu aliyeponea. "Mkono umesomeka, ti, mbele ya watu wote. Umepanga ghala nzima peke yako, hata lunch hujaomba. Mimi nimewaambia wakubwa, huyu ndiyo mfanyakazi. Lakini mbona siku nzima hukusema kitu, bro?"

Drani akafungua mdomo.

"Ngoja," Obitre akasema, na kicheko kikakatika. "Ngoja kwanza. Wewe umetoka hapa sasa hivi. Mimi nakuona unateremka kilima, mikono iko wazi, hakuna simu. Drani? Hapo naongea na nani?"

Simu ikakatwa.

Alifika Ombaci giza likiingia. Alikimbia kutoka barabarani, akapita kisimani, na wanawake waliokuwa wakiteka maji hawakumsalimia, walimtazama tu na kusogeza ndoo zao karibu. Mlango wa mama yake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Taa inawaka. Harufu ya nyama ilitoka chini ya mlango, na nyuma ya nyama, ile harufu nyingine.

Akagonga.

"Nani?"

"Mimi, mama. Drani."

Ndani kijiko kikagonga sahani, kikaacha. Akasikia ndara za mama yake zikija taratibu hadi mlangoni. Hakufungua. Aliweka mdomo kwenye ufa wa mbao, na pumzi yake ilikuwa fupifupi.

"Ongea polepole," Filda akanong'ona.

"Mama, huyo aliye ndani si mimi."

"Najua."

Drani akasukuma mlango, komeo likakataa.

"Mimi nimekuzaa, nitakosa kujua? Alikuja na nyama, na sukari. Amewapa watu mkono, wote wamefurahi. Amekaa kwenye kiti yako, ananitazama tu, ananitazama. Hanidhuru. Usipige kelele, hatanidhuru. Nenda, mwanangu. Nenda mbali, na hiyo jina usiseme tena, ukiisema yeye ndiye ataitika."

"Fungua, mama. Tutoke wote."

Kabla hajajibu, kiti kikasukumwa nyuma sakafuni. Hatua zikaja, nzito, zenye unyevu, zikasimama nyuma ya mama yake, na sauti ya Drani, ileile, hata kule kukwaruza kwake kooni, ikauliza kwa upole:

"Mama. Nani huyo?"

Filda akajibu kwa sauti kubwa, sauti ileile ya kisimani:

"Hakuna mutu, mtoto yangu. Ni kijana mmoja anatafuta kazi."